Kilebu wa Kuokota na wa Nyumbani: Wauzaji Wawili, Nimwamini Yupi?

*"Daktari, tunaishi Mamboleo, Kisumu, na tuna watoto wawili, wa miaka 4 na 9. Mume wangu alikulia na mbwa kwao Koru. Anataka Labrador wa kwenda naye shambani wikendi, wa kuokota kwale na kanga, na siku nyingine awe mbwa wetu wa nyumbani. Nimepata wauzaji wawili. Wa kwanza yuko mtandaoni. Anasema vilebu wake ni wa ukoo wa uwindaji kutoka Uingereza, wana hati, wana wiki tano na wameshaacha kunyonya. Bei ni 35,000, nitume 10,000 kwa M-Pesa anishikie mmoja, kisha atamtuma kwa basi. Wa pili ni mama mmoja wa Njoro. Anauza 70,000, hatoi kilebu kabla ya wiki nane, anataka twende kwake kwanza, na aliniuliza maswali mengi mpaka nikahisi mimi ndiye ninayechunguzwa. Hana hati za ng'ambo. Dada yangu anasema nisipoteze pesa, Labrador ni Labrador. Halafu nina hofu: mbwa aliyezaliwa kwa uwindaji hatawauma watoto? Nichague yupi?"*

Dada, una hofu mbili hapa: kutapeliwa, na kumleta nyumbani mbwa atakayemuuma mtoto. Nitaanza na hii ya pili, kwa sababu ukiielewa, utajua mwenyewe cha kutafuta kwa muuzaji.

Watu wengi wakisikia "mbwa wa uwindaji" huwaza mbwa anayekimbiza mnyama na kumrarua. Labrador kazi yake si hiyo. Yeye hukaa kimya kando ya bwana wake, bunduki inalia, ndege anaanguka, naye hangoji kingine ila neno la kutumwa. Akitumwa huenda, humtafuta ndege kwa pua, humbeba mdomoni na kumleta mkononi bila kumponda. Mababu zake walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kisiwa cha Kanada, waliosaidia kuvuta nyavu na kuwarudisha samaki waliochomoka kwenye ndoana. Kutoka huko walipelekwa Uingereza katika karne ya 19, na mwaka 1903 wakaandikishwa rasmi kuwa aina yao wenyewe. Muda wote huo, mbwa aliyeponda ndege hakuzalishwa tena. Aliyezalishwa ni yule mwenye kinywa laini, anayependa kumpendeza mtu na asiyeshtuliwa na kelele.

Nina mteja Molo ambaye mbwa wake jike hupita chini ya banda la kuku kila asubuhi, akaokota yai moja na kulileta mlangoni. Siku moja nililipokea mwenyewe. Lilikuwa limelowa mate, lina joto, wala halikuwa na ufa. Hakuna mtu aliyemfundisha. Kwa hiyo ukoo wa uwindaji, ukiwa wa kweli, haumfanyi Labrador kuwa hatari kwa mtoto. Hata hivyo usiuchukue kama dhamana. Mbwa yeyote huuma akiumia, akiogopa, au akiguswa anapokula, na mtoto wa miaka 4 bado hajajua kusoma dalili za mbwa. Hao wawili wasiachwe peke yao chumbani hata dakika moja, mbwa awe mpole namna gani.

Kabla sijaendelea, mwambie shemeji jambo moja. Uwindaji wa burudani umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito. Kwale na kanga wa porini ni wanyamapori kama walivyo swala. Asimguse ndege yeyote kabla ya kwenda ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, iliyo karibu na kuuliza. Labrador hatapungukiwa na kitu. Kinachomfurahisha ni ile kazi ya kutafuta na kuleta, na ataifanya kwa kifurushi cha turubai kilichojazwa vitambaa, kikarushwa kwenye majani marefu huko Koru. Nimewaona wakitetemeka kwa hamu wakingoja kutumwa kuokota soksi kuukuu.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji wa mtandaoni hatakuambia. Labrador leo wana koo mbili. Wa kazi ni wembamba, wepesi, na nguvu zao haziishi upesi. Wa maonyesho ni wanene kidogo, vichwa vipana, na aghalabu watulivu zaidi. Ukoo wa kazi ukifungiwa kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia siku tano akingoja wikendi, atachimba bustani, atakula viatu na kubweka usiku kucha. Mtu atasema mbwa ana wazimu, kumbe amekosa kazi. Kwa nyumba yenu ningemtafuta aliye katikati, mwenye mama anayependa kuokota lakini anayejua kulala chini watu wakila. Hilo huwezi kulijua kwa picha ya simu.

Sasa tuje kwenye zile wiki tano. Hapo ndipo muuzaji wa kwanza aliponipoteza kabisa. Tabia ya mbwa hujengwa zaidi kati ya wiki ya tatu na takriban ya kumi na nne. Katika kipindi hicho ubongo wake uko wazi: anachokutana nacho akiwa salama hukihesabu kuwa cha kawaida, na asichokiona atakuja kukiogopa akiwa mkubwa. Kati ya wiki ya tano na ya nane yuko darasani kwa ndugu zake. Anamng'ata mwenzake kwa nguvu, mwenzake analia na kuondoka, mchezo unakatika. Anarudi, anang'ata polepole, mchezo unaendelea. Akimzidi mama kwa meno kwenye chuchu, mama anasimama na kwenda zake. Hivyo ndivyo kilebu anavyojifunza kupima nguvu za taya zake. Ukimtoa akiwa na wiki tano, darasa hilo litamalizikia kwenye mikono ya mtoto wako wa miaka 4. Kuacha kunyonya hakuna maana kwamba malezi yamekwisha. Mama wa Njoro anayekataa kutoa kabla ya wiki nane anawalinda wanao, hata kama hajakueleza hivyo.

Kuhusu hati, naomba tusizipe uzito usio wake. Hati ya nasaba hutaja baba, mama, babu na bibi. Hapa kwetu wanaoandikisha mbwa ni East Africa Kennel Club, na muuzaji mwenye hati halali atakupa namba uipeleke kwao iangaliwe. Hati za "Uingereza" zilizopigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp si uthibitisho, maana karatasi yoyote inaweza kuchapwa kwenye duka la fotokopi. Hata iliyo halali haisemi kwamba mbwa ana nyonga nzima. Ni kama cheti cha kuzaliwa, ambacho kinataja wazazi wako bila kutaja afya yako.

Na nyonga ndizo zinazoninyima usingizi kuhusu Labrador. Kiungo cha nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Kilebu huzaliwa nacho kikiwa sawa. Katika wengine, kano hulegea wanapokua, mpira ukawa unacheza ndani ya kikombe, kingo zikalika, mfupa ukaota mahali usipotakiwa, na maumivu yakaanza. Ugonjwa huu hauletwi na jeni moja, huletwa na nyingi kwa pamoja, na huchochewa na chakula kingi na uzito wa haraka. Kwa hiyo wazazi wanaotembea vizuri wanaweza kuzaa mtoto mwenye nyonga mbovu. Kumtazama baba akikimbia hakutoshi. Inahitajika eksirei ya nyonga na viwiko, mbwa akiwa amelazwa kwa dawa, baada ya kutimiza angalau mwaka mmoja. Wamarekani husubiri miaka miwili kabla ya kutoa alama ya mwisho.

Mwaka jana familia moja ya hapa Nakuru iliniletea Labrador wa miezi kumi na nne. Walisema ni mvivu. Nilimwachia atembee uani. Alipotaka kukimbia, miguu ya nyuma iliruka pamoja kama ya sungura, na alipoketi aliinua paja moja pembeni. Eksirei ilionyesha mpira wa mfupa ukiwa nusu nje ya kikombe, pande zote mbili. Mtoto wao wa kike alisimama mlangoni akaniuliza kama mbwa wake anaumia, nikamwambia ndiyo. Mbwa huyo atakula dawa za maumivu maisha yake yote, na gharama yake imeshapita mbali ile tofauti ya bei unayoipigia hesabu leo. Muuzaji wake hakuwahi kupokea simu tena.

Magonjwa mengine ya Labrador ni rahisi kuyaelewa kwa mtu wa Kisumu, kwa sababu huko mnaijua seli mundu. Baba mzima na mama mzima, kila mmoja amebeba jeni moja bila kuumwa, na kila mimba wanayopata ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Ndivyo ulivyo ugonjwa wa Labrador kuishiwa nguvu ghafla baada ya mazoezi makali ya dakika chache, miguu ya nyuma ikianza kulegea. Ndivyo ulivyo pia upofu unaoanza kwa kutoona gizani. Yote mawili hupimwa kwa usufi unaosuguliwa ndani ya shavu na kutumwa maabara, na mara nyingi sampuli hupelekwa nje ya nchi. Mbwa aliyebeba jeni moja anaweza kuzalishwa bila hatari, mradi mwenzake awe hana. Muulize mfugaji: "Nani kati ya wazazi amepimwa, na nini?" Ukipata jibu la "mbwa wangu wote ni wazima", ujue hajapima.

Kuna imani nyingine ya kuweka kando, maana nina hakika mtu atakuambia. Wanunuzi wengi hapa humfungua kilebu kinywa kutazama kaakaa. Likiwa jeusi, wanasema atakuwa mkali. Kaakaa jeusi ni rangi tu, kama alama ya kuzaliwa. Na kama mnategemea Labrador alinde ua, tarajia atabweka mgeni akifika langoni, kisha atamletea kiatu. Anayetaka mlinzi atafute aina nyingine. Usimruhusu mtu yeyote "kumfanya mkali" kwa kumfungia gizani au kumlisha pilipili. Atatoka humo na hofu, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma watoto.

Nirudi kwa muuzaji wa kwanza. Bei ya chini siyo inayonitisha. Kinachonitisha ni mchanganyiko wa mambo: wiki tano, pesa kabla ya kumwona mama, na basi. Vilebu wa namna hiyo mara nyingi hukusanywa kutoka sehemu mbalimbali, wakachanganywa, na huko ndiko kirusi cha parvo huenea. Parvo hushambulia utumbo, kilebu akatapika na kuharisha damu yenye harufu kali, na asipotibiwa mapema hufa kwa siku mbili tatu. Kirusi hicho huishi udongoni miezi mingi, hata mwaka. Wengi husema, "Lakini alichanjwa!" Ni kweli, ila kilebu hunyonya kinga ya mama katika maziwa ya kwanza, na kinga hiyo hiyo huizuia chanjo isifanye kazi mpaka ipungue. Hupungua kwa kasi tofauti kwa kila kilebu. Ndiyo maana tunaanza wiki ya sita hadi ya nane na kurudia kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Sindano moja ya wiki ya tano haimlindi. Nimepokea kilebu wa aina hiyo ndani ya katoni ya sabuni, aliyetoka stendi moja kwa moja. Alifika Jumatatu. Alhamisi tulimzika nyuma ya kliniki, na watoto walikuwa wameshampa jina.

Usitume hiyo 10,000.

Mama wa Njoro simjui, kwa hiyo sitamsifu bila kipimo. Lakini mfugaji anayekuuliza una ua wa namna gani, nani anabaki nyumbani mchana, na watoto wana umri gani, ana sababu ya kuuliza. Anajua kwamba mbwa akiharibikiwa, mtamrudia yeye. Ukienda, na wewe muulize. Mwombe umwone mama wa vilebu akiwa nao, mahali wanapolala. Mama asiyeweza kukaribiwa na mgeni hata baada ya dakika ishirini, akijificha au kutoa meno, atakuwa ameshawapa wanawe sehemu ya hofu hiyo, kwa damu na kwa mfano. Uliza mama ana umri gani: chini ya miaka miwili ni mapema mno, na anayezalishwa kila anapoingia kwenye joto anatumikishwa. Uliza baba ni nani. Kama ni kaka yake au babake, ondoka. Omba eksirei. Kisha uliza swali ambalo mimi hulipa uzito kuliko yote: vilebu wa mizao iliyopita wako wapi leo? Mfugaji wa kweli atakutajia mmoja yuko Eldoret, mmoja alikufa kwa homa ya kupe, mmoja alirudishwa akamtafutia kwingine. Mwombe namba za wawili kati ya wenyewe, uwapigie.

Huenda ukakuta hana eksirei. Wafugaji wengi wazuri wa huku kwetu bado hawajaanza kupima, kwa sababu ya gharama na umbali. Hapo itabidi uamue mwenyewe. Kama mbwa wa mizao iliyopita wana miaka minne au mitano na wenyewe wanakuambia wanakimbia vizuri, hiyo ni habari nzuri, ingawa haifikii kipimo. Mimi ningemwomba ampige mama eksirei kabla ya mzao ujao na ningesubiri, kama watoto wako wanaweza kusubiri. Akikupa mkataba, usome polepole. Kama umeandikwa kwamba kilebu akigunduliwa na ugonjwa wa kurithi mfugaji atampokea tena au kurejesha pesa, na kwamba ukishindwa kumlea umrudishie yeye badala ya kumuuza, huo ni mkataba wa mtu anayejali.

Njia ya tatu ipo pia, na hamkuitaja: Labrador mkubwa wa miaka miwili au mitatu ambaye familia yake inahama. Nyonga zake zinapigwa eksirei leo hii, tabia yake inaonekana, na mama mwenye mtoto wa miaka 4 hatakesha akifuta mikojo ya kilebu. Kwa nyumba kama yenu hii si ndogo. Hasara yake ni kwamba huwezi kujua yote aliyopitia, na shemeji atamkuta na mazoea ya wengine.

Akishafika, mambo ya Kisumu ni tofauti na ya Njoro. Joto la mchana litamchosha. Mtoeni alfajiri na jioni. Labrador hupenda maji kupita kiasi, lakini msimrushie kifurushi ziwani. Kuna viboko na mamba, na maji yakigeuka kijani kizito kama rangi iliyomwagika, hao ni bakteria wenye sumu inayoweza kumuua mbwa aliyeyanywa. Kupe ni wa kila mwezi wa mwaka, tumieni dawa bila kuruka. Chanjo ya kichaa cha mbwa apewe akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka.

Na msimnenepeshe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote, kila wawili wa mzao mmoja, mmoja akilishwa robo pungufu ya mwenzake. Waliolishwa kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi na nyonga zao zilichelewa kuharibika. Watafiti wa Cambridge nao walionyesha mwaka 2016 kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro ya jeni inayomfanya asihisi kushiba. Akikutazama kama hajala tangu jana, mbavu zake ndizo zitakazokuambia ukweli: uzihisi kwa vidole bila kubonyeza.

Ndani ya siku tatu za kumleta, mpeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, hata akiwa mzima. Usingoje siku hiyo, nenda saa hiyo hiyo, akitapika zaidi ya mara moja, akiharisha damu, ufizi ukipauka, au mkojo ukiwa mwekundu au wa rangi ya chai nzito. Akichechemea zaidi ya siku mbili kabla hajatimiza mwaka, apigwe eksirei. Akimngurumia mtoto, usimpige. Mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya. Watenganishe, mpigie daktari, naye atafute kwanza kama kuna mahali panapomuuma.

Njoro nendeni Jumamosi asubuhi, na muende na watoto wote wawili. Mwombe huyo mama amwache mbwa wake huru uani. Ketini kwenye nyasi, msimwite, wala msiwaguse vilebu kwanza. Mpe mtoto wa miaka 9 kitambaa kilichofungwa fundo, akirushe hatua tano, kisha mtazame mbwa mkubwa anafanya nini na kile kitambaa, na anakileta kwa nani.